FORScan na OBDLink EX kwenye kamera ya mbele ya Ford: thamani yake iko kwenye mkia wa kodi ya hitilafu

Ford Ranger yenye kamera ya kufuata mistari ya barabara ikibadilishwa kioo cha mbele, mara nyingi hurudi kwa mwenyewe taa ya onyo ikiwaka. Ukiichomeka mashine ya kawaida ya kupima gari, inaandika kodi, yaani namba ya hitilafu, C1001 na kunyamaza. Hapo ndipo mteja huambiwa kamera imekufa, atafute nyingine. Mara nyingi kamera ni nzima kabisa. Kodi ndiyo haijasomwa mpaka mwisho.

Hilo peke yake linatosha kuipendekeza FORScan. Ni programu ya Windows ya magari ya Ford, Mazda, Lincoln na Mercury, na kwa kila kompyuta ndogo ya gari (moduli) inaonyesha kodi yote pamoja na mkia wake. Kompyuta tunayoizungumzia hapa inaitwa IPMA, ile inayochakata picha za kamera iliyo nyuma ya kioo cha kutazamia ndani. Gari lenye kamera nne za kuzunguka lina nyingine iitwayo IPMB. Ukurasa wa kodi utakuandikia kitu kama C1001:54-2F, na kila kipande kina kazi yake.

Tarakimu mbili baada ya nukta mbili zinataja aina ya hitilafu. Zinatoka kwenye kiwango cha SAE, chama cha wahandisi wa magari, kwa hiyo ukizikariri zitakufaa hata kwenye gari la kampuni nyingine inayofuata kiwango hicho. 54 maana yake kalibresheni, yaani kuilinganisha kamera na gari, haijafanyika. 78 maana yake kamera haijakaa sawa, iwe imeinama, imepinda au imefungwa kwenye kishikio kilichogandishwa vibaya. 97 ni kitu kimeziba. 46 ni kumbukumbu ya kalibresheni iliyoharibika ndani ya moduli, na 49 ni hitilafu ya ndani ya elektroniki. Kati ya hizi zote, ni 46 na 49 tu zinazoanza kukupa haki ya kufikiria kununua kifaa, na hata hapo futa kodi kwanza uone kama itarudi.

Kipande cha mwisho ni hali ya kodi. 2F ina maana hitilafu ipo sasa hivi, unapoisoma. 28 ina maana ilitokea tangu kodi zilipofutwa mara ya mwisho, lakini kwa sasa haipo. 08 ni kumbukumbu tu. Usianze kufungua chochote kwa sababu ya 08. Programu inaieleza hali hiyo kwa maneno pia, lakini ukizoea namba utasoma ukurasa mzima kwa kutupa jicho.

Adapta, kifaa kinachounganisha kompyuta yako na soketi ya OBD ya gari, inahitaji umakini kuliko programu yenyewe. OBDLink EX ni ya USB, na inahama yenyewe kati ya mitandao miwili ambayo moduli za Ford huwasiliana nayo: HS-CAN kwenye pini 6 na 14, na MS-CAN kwenye pini 3 na 11. Vile vidude vya ELM327 vya bei ya kutupa haviufikii MS-CAN bila kuongezewa swichi, na vingi hupoteza data katikati ya mazungumzo. Kusoma kodi unaweza kubahatika navyo. Kuandika mipangilio ya moduli navyo ni hatari, kwa sababu mawasiliano yakikatika katikati moduli inabaki nusu imeandikwa. Hapa sishauri kubana matumizi hata kidogo.

Ukishaunganisha, usikimbilie C1001. Kalibresheni ni hatua ya mwisho, na itakataa kama kuna tatizo jingine mbele yake. Anza na U3003:16, yaani umeme wa betri umeshuka chini ya kiwango. Funga chaja, hakikisha betri ina angalau volti 12.5 injini ikiwa imezimwa, futa kodi, soma tena. Kodi nyingi huondoka hapo hapo. Kisha angalia U2100 na U2101. Ya kwanza inasema moduli haijakamilishwa mipangilio, ya pili inasema mipangilio iliyomo hailingani na gari. Baada ya hapo tafuta U0428, data isiyoaminika kutoka kwa kihisi cha pembe ya usukani, na U0415, data isiyoaminika kutoka kwa ABS, mfumo wa breki. Kamera inahitaji kujua gari linakwenda kasi gani na usukani umeelekea wapi. Kihisi cha usukani kikiwa hakijui katikati ni wapi, utaendesha gari siku nzima na kamera haitajifunza kitu.

Kabla ya kwenda barabarani kagua gari lenyewe. Upepo wa matairi uwe sawa pande zote, mzigo mzito ushushwe, na kioo kiwe safi ndani na nje mbele ya lenzi. Stika au ukanda wa tinti usifike hapo. Ranger iliyoinuliwa na kuvishwa matairi makubwa ni mteja mkubwa wa 78, kwa kuwa pua ya gari na kamera vimebadilisha pembe kuitazama barabara. Maliza kazi ya springi na mpangilio wa magurudumu kwanza, ndipo ushughulikie kamera.

Kwenye ukurasa wa huduma chagua kazi ya kulinganisha kamera ya IPMA, fuata maelekezo, kisha endesha. Kamera ya mbele ya Ford kwa kawaida hujilinganisha barabarani, haihitaji mbao za shabaha. Inahitaji mwendo wa zaidi ya kilomita 64 kwa saa, barabara iliyonyooka na mistari inayoonekana pande zote mbili, kwa takriban dakika 10. Mchana mkavu ni bora kuliko jioni ya mvua. Kwetu shida kubwa ni barabara. Nyingi zimefutika mistari, na vijiji vyenye kikomo cha 50 vinakata mwendo kila baada ya muda mfupi. Kwa walio Nairobi, Expressway ya kilomita 27 inafaa vizuri kwa sababu unaweza kushika 80 bila kusimama. Kwingine tafuta kipande kilichopakwa rangi karibuni, na usivunje sheria kwa ajili ya kamera. Itaendelea kujifunza ukirudi kwenye mwendo.

Ukirudi, endesha jaribio la ndani la IPMA, usome tena. 54 ikiwa imeondoka na 78 imechukua nafasi yake, kamera imejaribu kujilinganisha ikagundua pembe imezidi kiasi inachoweza kufidia. Kurudia safari hakutasaidia. Rudi kwa aliyeweka kioo, umwonyeshe kodi, akague kishikio na aina ya kioo alichotumia.

Mapungufu yapo. Kuandika mipangilio kunahitaji leseni ya ziada na kompyuta ya Windows. FORScan Lite ya simu inasoma na kufuta kodi vizuri, lakini haitoshi kwa kazi hii yote. Lugha ya Kiswahili hakuna. Programu pia haikushiki mkono. Inakupa ukweli wa moduli na kukuachia kufikiri, kwa hiyo asiyejua mpangilio wa hatua hapo juu ataishia kufuta kodi na kuziona zikirudi.

Jambo moja linaifanya istahili pesa kwa gereji inayopokea Ford mara kwa mara: inahifadhi mipangilio ya moduli kwenye faili la abt. Lihifadhi siku ya kwanza gari linapoingia, kabla ya kugusa kitu. Moduli ikifa kweli na ukapata nyingine ya mtumba yenye namba ya kifaa inayolingana, unaipakia mipangilio ya zamani na U2101 inaondoka. Baada ya hapo 54 kuwaka ni kawaida, maana moduli hiyo ilijifunza kioo cha gari jingine. Funga kila kitu, chaji betri, uingie barabarani.