TAHADHARI: Muuza tairi wa Chake Chake aliyeniingiza mjini mchana kweupe

Assalamu alaykum. Naandika na hasira, atakayeona nimepitiliza anistahi. Wenye Prado, Pajero, Escudo na gari zote za kwendea shamba, hasa mlioko Pemba na mnaotaka kubadilisha tairi kabla mvua hazijakolea, someni mpaka mwisho. Jina lake silitaji hapa kwa sababu shauri nalipeleka mbele na nimeambiwa nisiliharibu. Lakini mkikutana naye mtamjua kwa maneno yake, maana ni yale yale kwa kila mtu. Nishaulizia.

Gari ni ile Prado ya marehemu mume wangu. Foowili ya moja kwa moja, haina kuchagua mbili au nne, magurudumu yote yanavuta muda wote. Baada ya jiwe la njia ya Makangale kunichana tairi ya nyuma ubavuni, nikabaki na tatu nzima, na spea ambayo si ya kutegemea. Tairi ikichanika ubavuni haitiwi kiraka, hilo hata mtoto wa fundi pancha analijua. Kwa hiyo nilikuwa natafuta tairi moja. Moja tu jamani!

Nilielekezwa kwake na shemegi yangu, mtu wa ndani kabisa, ambaye naye alikuwa keshanunua kwake betri na haijamsumbua. Nafika, namkuta kakaa juu ya tairi la lori, kofia yake ya viua kichwani, tasbihi mkononi. "Karibu dada yangu, karibu bibie." Hakukimbilia bei. Alikwenda mwenyewe kufungua mlango wa dereva, akainama, akaniita niangalie. Kwenye nguzo ya mlango pana kibandiko, kimeandikwa Kijapani, lakini tarakimu zinasomeka: 265/65R17, na upepo wa kujaza. Akasema, "Watu wanazunguka mji mzima kuuliza saizi, na jibu wamelikalia wenyewe." Miaka yote marehemu alikuwa akininunulia tairi mwenyewe, hakuna aliyewahi kunionesha kibandiko kile. Huyu kanionesha bila ya kumuuliza.

Akaanza darasa. Hiyo 265 ni upana wa tairi kwa milimita. Hiyo 65 si milimita, ni asilimia: kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya ule upana, karibu milimita 172. Hiyo 17 ni inchi za rimu. Halafu akateremsha kidole kwenye 112 iliyofuatia, akasema hiyo ni ya mzigo, maana yake kila tairi inabeba kilo 1,120 ikiwa na upepo wake kamili. "Magunia yako ya karafuu yamo kwenye hesabu hiyo, dada." Nani kamwambia mie nabeba karafuu? Kaona vikonyo sakafuni nyuma ya gari. Mtu wa macho hivyo!

Kulikuwa na tairi nne nene zimepangwa ukutani, kashata zake kubwa (yale meno ya mpira yanayokanyaga njia), nzuri kuzitazama. 285/70R17. Nikamwambia, mbona hizi ndiyo za porini, nipe hizi. Akakataa! Alikataa pesa yangu mbele ya vijana wake. Akasema hizo zitalamba madigadi kila nikikata usukani mpaka mwisho, gari itakuwa nzito kupanda vilima vya huku kwetu, na mshale wa spidi utanidanganya, nikisoma 100 kumbe nakwenda 107. "Dada, tairi kubwa si tairi ya porini. Tairi ya porini ni ile iliyo saizi yake na ina kashata." Nilikwenda nikapiga hesabu hiyo baadaye na kikokotoo cha simu. Ni kweli tupu. Sasa mtu anayekukatalia pesa yako utamwitaje mwizi? Niambieni nyinyi mnaonicheka kwenye kundi la familia.

Halafu ndipo akalitega lenyewe. Akasema gari kama hii haitiwi tairi moja peke yake. Foowili ya moja kwa moja, tairi zikipishana kimo, difu ya kati, ile gia inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, haipumziki, iko kazini hata barabara iliyonyooka, inasuluhisha mbele na nyuma mpaka mafuta yake yanaungua. Zote nne ziwe saizi moja na kashata zikaribiane. Hili nalo ni kweli, fundi wangu wa Wete kalithibitisha neno kwa neno. Na kwa ukweli huo nikatoka kwenye tairi moja ya laki mbili nikaingia kwenye nne za laki nane, mtumba wa Japani daraja la kwanza. Zile tatu zangu nzima akazichukua kwa kunipunguzia elfu hamsini. Elfu hamsini kwa tairi tatu! Lakini keshaniambia hazichanganyiki, ningezipeleka wapi, nizianike uwani?

Akaleta mbili za mbele, akazilaza. Akatoa njiti ya kiberiti, akaisimamisha ndani ya mfereji wa kashata, akabana kwa ukucha pale ilipoishia, akanionesha. Njiti ilizama karibu robo. Akanipa niipime mwenyewe, nikapima mifereji mitatu au minne, yote sawa. Nikasoma ubavuni, 265/65R17. Zikafungwa mbele yangu, zikapigwa balansi, sawa. Nyuma ikapandishwa jeki. Ikaadhiniwa adhuhuri. Akaniambia, "Dada, kasali, msikiti una sehemu ya wanawake hapo hapo, ukirudi gari iko tayari." Nikaenda kusali. Nilimuacha mtu na gari yangu nikaenda kusimama mbele ya Mola wangu, na yeye wakati huo huo anafanya alichofanya. Hili ndilo linaloniuma kuliko zile pesa, wallahi.

Narudi, gari iko chini, zote nne zimepakwa dawa nyeusi zinang'ara kama viatu vya bwana harusi. Nikaiona kwa nyuma imenyanyuka kidogo. Nikamuuliza. Akacheka, "Zile zako zilishalala, dada, hiki ndicho kimo chake." Kijana akafungua geti, nikamtumia pesa kwa simu, akaniandikia risiti kwa mkono: Tairi 4, 750,000. Basi. Saizi haimo, jina la tairi halimo.

Yaliyofuata sitayarefusha. Kabla sijafika Konde nasikia mlio chini ya sakafu, kama unaanza nikikanyaga mafuta na haunyamazi nikiachia. Nikamwambia mama labda ni barabara. Siku chache baadaye, narudi shamba, mama yuko kiti cha mbele, mvua imekatika na jua limepiga, kipande cha kashata cha tairi ya kushoto mbele kikabanduka mzima mzima kikawa kinapiga madigadi mpaka plastiki ikapasuka ikaburuzwa chini. Usukani ulinivuta. Alhamdulillahi sikuwa mbio na kulikuwa hakuna gari ya mbele. Mama mpaka leo akisikia gari inapita nje anashika kifua. Mama wa miaka sabini na kitu!

Fundi wa Wete alizitoa zote. Akachukua moja ya mbele na moja ya nyuma, akazisimamisha ubavu kwa ubavu kwenye saruji. Hakuhitaji kusema kitu. Ya nyuma imeipita ya mbele kwa sentimita 2.6. Akaigeuza upande uliokuwa ndani, kule chini ya gari ambako mtu haangalii: 265/70R17. Upande wa nje pale pa 70 pamepitishwa msasa, pakapakwa ile dawa nyeusi juu. Nilipapitisha kidole mwenyewe, pamekwaruza, wakati ubavu mzima ni laini. Kwa tofauti hiyo, kila kilomita moja za mbele zinazunguka kama mara 13 zaidi kuliko za nyuma, na hizo 13 zote zinamalizikia kwenye difu ya kati. Yaani kile alichonihubiria kisifanyike ndicho alichonifungia, akijua.

Na za mbele, zile za njiti? Zimechongwa. Zilikuwa kipara, mtu kachukua chuma cha moto akachonga mifereji upya kuingia kwenye mpira uliobakia. Kwenye moja fundi alinifunulia mfereji kwa bisibisi, chini kabisa nikaona waya wa ndani ya tairi, una kutu. Tairi za kuchongwa zipo, ni zile za malori ambazo kiwandani wameacha mpira wa ziada chini na wameandika ubavuni kwamba zinaruhusiwa. Si hizi za kwetu. Ukichonga hizi unaufikia waya, maji yanaingia, waya unakula kutu, kashata inaachia. Ndiyo iliyotupigia madigadi.

Nikampigia simu. Anipokea vizuri, "dada yangu". Nilipotaja 70 akabadilika. Ati nilizipokea mwenyewe, nikaondoka nazo, mali ikishatoka haina marejeo. Halafu akanimalizia kwa kusema, "Mwanamke na tairi wapi na wapi, mlete mume wako tuzungumze." Anajua fika kama mume wangu kafa, tulizungumza pale pale kwake na akamwombea dua! Shemegi naye sasa hapokei simu, ati yuko Unguja.

Huyu mtu afungwe. Sisemi arudishe pesa tu, arudishe na afungwe. Baraza la Mji limfutie leseni, Tume ya Ushindani Halali wa Biashara ipite pale na msasa wake na chuma chake cha moto wakichukue, na Taasisi ya Viwango iziweke tairi zake zote uwanjani izitie alama. Mtu anayeuza mchele mbovu utaharisha. Huyu anauza kitu kinachobeba mama yako na watoto wa watu wanaokwenda skuli, kwenye njia ambayo upande mmoja kilima na upande wa pili bonde. Na vijana wake wale wawili waliofungua zile nati za nyuma wakati nasali nao waulizwe, wasijifanye wametumwa tu. Polisi wameniambia niende na risiti. Risiti yenyewe ndiyo hiyo, Tairi 4!

Kwa wanaouliza cha kuangalia, haya ndiyo niliyoambiwa na fundi, nayaandika haraka maana nina safari ya Chake.

Ubavuni kuna tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT, ni wiki na mwaka. Zangu za nyuma ni 2811, maana yake wiki ya 28 ya mwaka 2011. Watengenezaji wengi wanashauri tairi isivuke miaka kumi hata kama kashata ziko tele. Hizo tarakimu nne mara nyingi huandikwa upande mmoja tu wa tairi, na mjanja anaufunga upande huo ndani. Kwa hiyo soma pande zote mbili kabla haijavalishwa rimu. Ndani ya mifereji tafuta vituta vidogo vinavyokatiza, vina milimita 1.6, vimewekwa kiwandani kuonesha tairi inapokwisha. Kama havimo kabisa, au vimekatwa katikati, imechongwa, hata njiti ikizama nzima. Njiti ni mchezo. Sikia kwa kidole kama pana mkwaruzo karibu na saizi. Dawa nyeusi mkatae, mwambie unaitaka na vumbi lake. Risiti iandikwe saizi na hizo tarakimu nne za kila tairi, akikataa ondoka. Na usiondoke penye gari, hata ikiadhiniwa, mwambie asimamishe kazi mpaka urudi. Kama ni Muislamu kweli na yeye ataenda kusali.

Kuna mengine kaniambia ya upepo na uzito, nitayaandika siku nyingine.

Sasa nataka msaada. Zile tatu zangu amekwisha kuziuza, nimepata habari zimeonekana Mkoani. Ni 265/65R17, za mwaka 2021, na moja ina doa la rangi ya buluu ubavuni, ile rangi ya madirisha ya banda la shamba ilimwagika. Atakayeiona asigombane na mwenye gari, yeye kanunua kwa halali yake. Amuulize tu kanunua kwa nani na kwa bei gani, halafu anitumie ujumbe. Nataka nijue zile tairi zangu za elfu hamsini ameziuza shilingi ngapi.