Fo-wili iliyotumika kwa safari za porini: ipi ununue, uikague vipi, uifunge nini

Anayetafuta fo-wili ya kuzunguka nayo, kutoka Mto wa Mbu kwenda Engare Sero na Loliondo, au kushuka Ruaha na kuendelea mpaka Katavi, mara nyingi huanza kuulizia keria, tenti na winchi. Aanze na chesisi na rejeta. Magari yanayoletwa mjini yakiwa yamebebwa juu ya lori ni yale yaliyochemka, yaliyokatika kitu cha mbele chini, au yaliyobebeshwa mzigo kupita uwezo wake. Ndiyo maana, kwa bajeti yoyote uliyonayo, tenga robo mpaka theluthi nzima ya fedha kwa matengenezo ya mwanzo kabla hujanunua hata kamba ya kuvutia. Muuzaji akikumalizia fedha zote, umenunua nusu ya gari.

Kwa kazi hii tunazungumzia gari lenye chesisi kamili na transfa yenye gia ya chini, L4. RAV4 na X-Trail hupita vumbi vizuri tu, ila gia hiyo hazina. Ukiteremka korongo refu na mzigo, breki peke yake ndizo zitakazolibeba gari mpaka zichemke.

Mpangilio wetu ni huu, kwa mtu wa Tanzania anayenunua kwa fedha yake mwenyewe na atakayetengenezewa gari na fundi wa mtaani.

1. Toyota Prado 95, pamoja na Hilux Surf 185

Tunaiweka juu ya Land Cruiser mkonga (mfululizo wa 70), na tunajua wengi watapinga. Sababu ni bei ukilinganisha na unachopata: koili springi, tenki la lita 90 na loku ya difu ya kati kwenye Prado, na spea unazozipata Singida au Songea bila kuagiza. Prado hizi zilitengenezwa 1996 hadi 2002.

Injini unazokutana nazo zaidi ni tatu. Petroli ya 2.7 (3RZ, chesisi RZJ95) hutumia cheni badala ya timing belti; mlimani ni nzito, lakini haina makuu, na kwa asiyetaka presha ndiyo tunayoipendekeza. Petroli ya 3.4 V6 (5VZ, VZJ95) ina nguvu nzuri na utulivu, ila itakula. Ikibeba mzigo hesabu kilometa 6 hadi 7 kwa lita. Dizeli ya turbo 1KZ-TE, cc 2,982 (KZJ95), huenda kilometa 8 hivi kwa lita ikiwa na mzigo, na ndiyo inayotafutwa zaidi.

Hiyo 1KZ ina ugonjwa mmoja unaojulikana kila gereji: hedi kupasuka. Hedi ni ya aluminiamu juu ya bloku ya chuma, na ikichemka hata mara moja hupata nyufa kati ya valvu. Chanzo huwa si injini yenyewe. Mbegu za nyasi na matope hujaa kati ya kondensa ya AC na rejeta, fen klachi (inayozungusha feni ya rejeta) inachoka, na geji ya dashibodi inachelewa kusema. Ukiinunua, fungua rejeta ioshwe kwa ndani na nje, badilisha fen klachi na themostati, kisha funga kipima joto cha pembeni chenye sensa yake kwenye hedi. Kifaa hicho ni cha bei ndogo sana kuliko hedi.

Cha pili, kwa Prado 95 na Surf 185 zote: boljointi za chini za mbele. Muundo wake unazivuta badala ya kuzikandamiza, kwa hiyo ikilegea hakuna kinachoizuia kuchomoka, na gurudumu hulalia fenda gari likiwa linakata kona. Nyanyua gurudumu, pitisha mtaimbo chini ya tairi ulisukume juu na chini, huku mwenzako ameishika boljointi kwa vidole. Akihisi mchezo wa aina yoyote, badilisha zote mbili, na bolti nne za kila upande ziwe mpya. Hapa usinunue za bei nafuu.

Cha tatu ni kwa zenye gia boksi ya otomatiki. Kipoza oili cha gia kiko ndani ya tenki la chini la rejeta. Kikitoboka, maji huingia kwenye gia boksi. Chomoa kijiti cha kupimia: oili ikiwa na rangi ya maziwa yaliyotiwa rangi nyekundu, ondoka. Ikiwa safi lakini rejeta ni ya zamani, weka mpya.

2. Land Cruiser mkonga, mfululizo wa 70, injini 1HZ

Silinda sita, cc 4,164, haina turbo, pampu ya kawaida isiyotegemea kompyuta. Dizeli ya dramu kijijini, ukiichuja, itaichoma bila kulalamika. HZJ78 ina matenki mawili, jumla lita 180, na hilo peke yake linatosha kwa mtu anayekwenda Chalbi au Turkana upande wa Kenya. Timing belti yake ibadilishwe kila kilometa 100,000.

Kwa nini basi ni ya pili? Bei haishuki, na zinazouzwa kwa bei unayoimudu zimeshatumikia serikali, mradi au kampuni ya utalii mpaka zimechoka. Zile za utalii Arusha zichunguzwe kwa makini zaidi. Nyingi zimeongezwa urefu: chesisi imekatwa katikati na kuungwa. Lala chini yake na tochi. Muungo mzuri una bamba la ndani na la nje, na mshono wa kulehemu uliokwenda mshazari. Ukiona mshono mmoja wima umezunguka chesisi, au ufa mwembamba wenye kutu nyekundu pembeni yake, bei yoyote ni kubwa. Paa lililokatwa ili lifunguke nalo halina tena nguvu ya kubeba tenti. Tazama pia pale boksi la usukani linapofungwa kwenye chesisi.

HZJ75 za kabla ya 1999 zina springi za vyuma bapa mbele. Zinadumu, ila barabara yenye mikunjo ya bati itakutingisha kutwa nzima.

3. Prado 120 ya petroli

Ya 2002 hadi 2009. Chukua 2.7 (2TR) au 4.0 V6 (1GR). Zote zina cheni. Dizeli yake, 1KD, inahitaji ujuzi: washa za shaba chini ya nozeli zikivuja, moshi wa moto hupenya mpaka kwenye oili, masizi huganda na kuziba chujio la kufyonzea oili ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini). Injini hukatika kwa kukosa oili ilhali kijiti kinaonyesha imejaa. Kama ni lazima dizeli, sampu ifunguliwe na chujio lionekane kwa macho kabla ya kulipa. Zenye springi za hewa nyuma, hesabu kuzitoa na kuweka koili.

4. Land Cruiser 80

Kwa starehe na uwezo porini hakuna katika orodha hii linaloipita: ekseli nzima mbele na nyuma, koili kote, nafasi ya kulala ndani. Imeshuka hadi hapa kwa umri tu. Yenye 1HZ ni salama. Yenye turbo ya 1HD-T inajulikana kwa beringi za konrodi kuchakaa mapema, hivyo ziwekwe mpya na iwe kwenye bajeti yako. Grisi iliyochanganyika na oili ikivuja kwenye vifundo vya magurudumu ya mbele, sili zimekwisha. Ni kazi ya siku nzima kwa fundi, si ya kukimbia gari.

5. Nissan Patrol Y61

Yenye injini ya TD42, nunua bila wasiwasi ukiipata. Yenye ZD30 ya miaka ya mwanzo inajulikana kwa kuchoma pistoni, iache.

6. Land Rover Defender 110

Injini 300Tdi ndiyo ya kutafuta. Fundi yeyote wa dizeli ataielewa. Td5 hupitisha oili ndani ya waya za nozeli mpaka kwenye kompyuta, chomoa plagi ya kompyuta uone kama ina oili. Bodi ni aluminiamu, haitakuambia chochote kuhusu chesisi ya chini, ambayo ni chuma na huoza kuanzia nyuma. Spea ziko Arusha, Dar na Nairobi. Ukiwa Mpanda, subiri basi likuletee.

Pembeni ya orodha kuna Suzuki Jimny JB43. Kwa watu wawili wenye mzigo mdogo hupita tope ambalo Prado inazama. Tenki ni lita 40 tu, na paa lake linabeba kilo 30, basi.

Kwa walio Kenya: sheria ya miaka minane inazuia kuagiza hizi za zamani kutoka Japani, kwa hiyo utanunua iliyomo nchini tayari. Tanzania unaweza kuagiza, ila ushuru wa uchakavu hupanda kadiri gari linavyozeeka. Piga hesabu ya TRA kwanza, maana mara nyingi iliyoko Dar tayari huwa nafuu.

Siku ya kukagua

Mwambie muuzaji asiliwashe gari mpaka ufike. Ukifika, gusa boneti. Ikiwa ya moto, rudi kesho. Injini ikiwa baridi kabisa, fungua mfuniko wa rejeta: utando wa oili au kutu ya tope ni habari mbaya. Washa mfuniko ukiwa wazi. Mapovu yasiyokoma wakati injini inanguruma ni gasketi au hedi. Usijaribu hili injini ikiwa ya moto, utaungua uso. Halafu legeza mfuniko wa oili juu ya injini. Mfuniko ukitikisika kidogo ni kawaida. Ukirushwa na moshi mzito, ringi zimechoka. Moshi wa bluu usiokwisha maana yake inakula oili, mweupe usiokwisha ni maji au nozeli.

Chini ya gari chukua nyundo ndogo ugonge chesisi kutoka mbele hadi nyuma, hasa juu ya ekseli ya nyuma na pale mikono yake inapofungwa. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti ya bubu. Rangi nyeusi mpya iliyopakwa chini yote iulizwe imeficha nini. Magari ya Tanga, Dar na Zanzibar huliwa na chumvi ya bahari, na yaliyotoka mikoa ya theluji Japani huliwa na chumvi ya barabarani.

Kisha lipeleke kwenye udongo, si lami. Weka loku ya difu ya kati kama ipo, tembea mita chache, taa ya dashibodi iwake na itulie. Weka L4, panda, shuka. Lever ambayo haijasogezwa miaka kumi huwa imeshikana, na fundi atashusha transfa nzima.

Namba ya chesisi kwenye Toyota hizi imegongwa kwenye reli ya kulia mbele, karibu na gurudumu. Ilinganishe na kadi herufi kwa herufi, uangalie na deni la faini za barabarani.

Baada ya kununua, kabla ya kufunga chochote

Kwa injini yenye timing belti, belti na roli yake na pampu ya maji kwa pamoja, hata kama muuzaji ameapa. Hozi zote za maji. Oili ya injini (1KZ huchukua kama lita 7), gia boksi, transfa, difu mbili. Difu zitumie GL-5 ya 80W-90, gia boksi ya manyuo GL-4, kwa sababu aina nyingi za GL-5 hudhuru shaba za gia. Chujio la dizeli jipya, na kitenganisha maji kabla yake.

Kufunga vifaa, kwa mpangilio wa umuhimu

Tairi kwanza. Kwa Prado 95 na Surf, 265/70R16 za A/T (za lami na vumbi) zenye alama ya LT (za kubeba mzigo) ubavuni. Soma tarakimu nne za tarehe: 2322 ni wiki ya 23 ya 2022. Zilizopita miaka sita usinunue hata zikiwa hazijatumika. Kompresa ndogo ni sehemu ya tairi: lami psi 34, mikunjo ya bati 26 hadi 28, mchanga 16 hadi 18 na usizidi kilometa 30 kwa saa. Tairi za 7.50R16 zenye tyubu usizishushe hivyo, tyubu itazunguka na kukata valvu.

Pili, pa kuvutia. Ndoano ndogo zilizo chini ya bampa ya gari lililotoka Japani ni za kulifungia melini. Zikivutwa kwa mshtuko gari likiwa limezama tope hunyooka au kukatika, na chuma kinachoruka na kamba huua mtu. Funga ndoano za kazi kwenye chesisi, kamba inayovutika ya tani 8 na mita 9, pingu mbili za tani 4.75, sepetu, na ubao wa sentimita 40 kwa 40 wa kuwekea jeki juu ya udongo mweusi.

Tatu, kazi ndogo inayosahaulika: vipumulio vya difu. Difu ya moto ikiingia mtoni hupoa ghafla na kufyonza maji kupitia sili. Unganisha hozi ya milimita 8 kutoka kila difu, gia boksi na transfa, zipande mpaka juu ya injini. Kisha mkonga wa hewa, ambao hauna maana kama hozi ya boksi la chujio haijafungwa kwa silikoni.

Ndipo springi na shokapu, na hapa piga hesabu ya mzigo kwanza. Watu wanne kilo 280, maji lita 40 kilo 40, dizeli ya akiba lita 40 kilo 34, tairi ya spea ya pili kilo 30 na zaidi, friji iliyojaa 40, betri ya pili 28, ngao ya chuma na winchi 90. Umeshavuka kilo 500 na tenti bado. Springi za kunyanyua milimita 40 zinatosha. Zaidi ya hapo sivi jointi (CV) za mbele hukaa kwa pembe mbaya na kupasua buti zake. Juu ya keria usivushe kilo 50 ukiwa nje ya lami. Kwa watu wengi tunashauri tenti ya chini na kuacha winchi, fedha hiyo iende kwenye shokapu nzuri.

Umeme: betri ya pili ya Ah (ampea-saa) 100 inatosha friji ya lita 40, inayokula Ah 30 hadi 40 kwa siku ya joto. Waya uwe wa milimita za mraba 25, fyuzi isizidi sentimita 30 kutoka kila betri. Waya usio na fyuzi unaopita kwenye bodi ni moto unaosubiri mtikisiko.

Spea za kubeba: hozi ya rejeta ya juu na ya chini, mikanda, chujio mbili za dizeli, beringi za gurudumu la mbele na sili yake, krosi ya propela, oili lita 5, kulanti lita 4. Safari ya kwanza iwe fupi, kilometa 200 hadi 300 za vumbi na mzigo kamili. Ukirudi, kaza upya bolti za keria, nati za magurudumu, bolti za propela na boljointi, na uangalie kama kuna waya uliosuguliwa.