Kava jembamba la bei nafuu: lenyewe limebaki zima, kioo cha simu kimepasuka

“Dada, kava si liko zima?”

Hilo ndilo jibu nililopewa na muuzaji baada ya kumtumia picha za simu yangu ikiwa imepasuka kioo kuanzia pembeni hadi karibu na kamera. Hata pole hakusema. Hakuuliza imeanguka wapi wala imeangukaje. Aliangalia picha, akaona kava halina hata mkwaruzo, akaona kesi imekwisha. Naandika haya hasira ikiwa bado ya moto, na atakayesoma ajue hivyo tangu mwanzo.

Mazuri nayataja kwanza kwa sababu yapo, na sitaki mtu aseme nimelichukia kava lote kwa ajili ya siku moja. Ni lile kava jembamba la plastiki laini, linalojikunja ukilibana, tofauti na yale magumu yanayokatika pembeni ukilivua mara kadhaa. Nililivalisha simu likaingia lenyewe bila kusukumana. Simu haikunenepa. Mfukoni inaingia kama ilivyokuwa haina kitu, na kidole gumba kinafika upande wa pili wa kioo bila kuhamisha mkono. Aliyewahi kubeba yale makava mazito ya mpira, yanayong’ang’ania kitambaa cha mfuko mpaka mfuko unatoka nje pamoja na simu, anaijua raha ninayoisema. Tundu la chaji limekaa mahali pake, waya unaingia mpaka mwisho. Kuchaji bila waya kunakubali bila kulivua. Na vitufe! Makava mengi ya bei hii vitufe vyake ni vigumu, unabonyeza sauti mpaka ncha ya kidole inauma. Hivi vinabonyezeka vizuri kuliko vya simu yenyewe. Wiki za mwanzo ningelipa nyota tano bila kufikiri, na mwenzangu kazini nilimwambia anunue la kwake.

Kugeuka manjano sitalilaumu. Plastiki hii laini inayoonyesha upande wa pili, ile inayoitwa TPU, hupigwa na jua na joto la mkono ikabadilika rangi polepole, liwe la bei ya chini au ya juu. Langu limeanza kwenye kingo. Ni sura tu, halijapungua kazi.

Kazi yenyewe ndiyo iliyonileta hapa. Simu iliniponyoka nikiwa nimesimama, kimo cha kiuno, ikatua kifudifudi kwenye sakafu ya vigae. Haikutoka ghorofani wala haikuangukia mawe. Hivi ndivyo simu zinavyoanguka, mtu ametoa mkono mfukoni, basi. Nikaiokota, mgongo safi, pembe za kava safi, nikashusha pumzi. Nikaigeuza. Ufa umeanza pembe ya chini kushoto, umepanda mpaka juu, na kioo cha kinga nilichobandika juu yake kimepasuka pamoja na kioo chenyewe. Sasa safu ya chini ya herufi haisikii kidole. Nikitaka kuandika neno lenye n au m lazima niilaze simu upande, herufi zihamie sehemu iliyo nzima.

Fundi alinieleza kitu ambacho wengi tunakisahau: kwenye simu nyingi za siku hizi kioo cha juu na kile kinachotoa picha vimegundishwa pamoja, ukipasua kimoja unabadilisha vyote. Gharama yake, ukiiweka pembeni ya bei ya kava, inachekesha kama si wewe unayelipa.

Nikarudi nyumbani nikalichunguza hilo kava kwa makini. Kinachookoa kioo simu ikianguka kifudifudi si unene wa mgongo. Ni ule ukingo wa mbele, ule mdomo mdogo unaozunguka kioo, ukiwa umenyanyuka vya kutosha ili sakafu ikutane na plastiki kabla ya kukutana na kioo. Pembe nazo zina kazi yake: ndizo zinazotua mara nyingi, na zinatakiwa ziwe na nyama zaidi, au nafasi ya hewa ndani, ili plastiki ibonyee na kuchelewesha pigo. Kioo hakipendi pigo la ghafla mahali padogo. Ukilichelewesha kidogo tu, hata kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, nguvu inayofika kwenye kioo inapungua mno.

Sasa angalia hili langu. Pembe ni nyembamba kuliko mgongo. Nimezibana kwa vidole, zimelala kabisa. Ukingo wa mbele upo, unauona ukilitazama kwa upande. Lakini vioo vingi vya kinga vinavyouzwa vina unene wa milimita 0.33 au karibu na hapo, na kioo cha kinga kikishabandikwa, ukingo huu unakuwa umemezwa wote. Vimelala sawa. Kwa hiyo mtu anayejali simu yake, akaiwekea na kava na kioo cha kinga, ndiye anayeachwa bila ukingo. Hilo ndilo linalonichoma kuliko yote, maana aliyelibuni lazima alijua kwamba watu wanabandika vioo vya kinga. Nani asiyebandika?

Kuna njia rahisi ya kupima, na ningeomba kila anayesoma aijaribu leo kabla hajaendelea kuliamini la kwake. Laza simu kifudifudi juu ya meza ya kioo au kigae kilichonyooka, ikiwa imevaa kava na kioo cha kinga. Chukua karatasi ya kawaida ya kuchapia, unene wake ni takriban milimita 0.1. Nyoosha ncha yake uipitishe chini ya simu kwenye yale matundu ya pembeni, mahali kava lilipokatwa kwa ajili ya chaji au spika. Ikipita bila kukwama, ikunje iwe tabaka mbili ujaribu tena, kisha tabaka nne. Zikiingia tabaka nne, ukingo wako una maana. Kwangu haikuingia hata moja. Karatasi moja haipiti, na tangazo limeandikwa “kinga kamili dhidi ya kuanguka”.

Na chini ya maneno hayo kulikuwa na mengine, kwa herufi kubwa: “limefaulu majaribio ya kijeshi”, pembeni alama ya MIL-STD-810G. Nilipoyaona mara ya kwanza yalinitia moyo, sikatai. Ukisikia jeshi unadhani kuna afisa mahali fulani ameliangusha kava lako juu ya zege akalipigia muhuri. Haiko hivyo. Hiyo ni kanuni ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani ya kupima vifaa vyake, toleo hilo la G ni la mwaka 2008 na limeshafuatwa na la H mwaka 2019. Jaribio la kuangusha linalotajwa sana na wauza makava ni la kuangusha kifaa mara 26 kutoka sentimita 122: pande zote sita, kingo kumi na mbili na pembe nane. Sawa, ni jaribio la maana. Lakini sakafu yake ni mbao za plaiwudi za inchi mbili zilizowekwa juu ya zege, na mara zote hizo 26 zinaruhusiwa kugawanywa kwa vifaa hadi vitano. Wizara hiyo haimpi mtengeneza makava cheti chochote. Anajipima mwenyewe, au anamlipa mtu ampimie, kisha anaandika anachotaka. Plaiwudi si kigae. Na hakuna mahali kwenye tangazo paliposema simu iliyokuwa ndani ya kava ilitoka ikiwa hali gani.

Ndipo nikamwandikia yule muuzaji mara ya pili, kwa adabu zote, nikamnakilia maneno ya tangazo lake mwenyewe. Nikamwambia: nimenunua kinga ya simu, simu imepasuka, kinga iko wapi? Akajibu: “Dhamana ni ya kava, sio ya simu dada. Likichanika lete tukubadilishie.” Nikamuuliza, na haya maneno ya kuanguka? Akasema, “Hilo ni tangazo tu.” Nikamwomba basi alitoe, asiwape watu matumaini. Akaniandikia sentensi ambayo mpaka leo naisoma nikidhani nitaona nimeielewa vibaya:

“Kwani kwa bei hiyo ulitegemea nini?”

Nilitegemea ulichoandika. Basi. Sikutegemea zaidi. Bei ya chini ni makubaliano baina yangu na wewe kwamba nitavumilia lisipong’aa, nitavumilia lisije kwenye boksi zuri, nitavumilia hata likigeuka manjano mapema. Hayakuwamo makubaliano kwamba maneno yako nayo yawe ya bei ya chini. Ukingo ukinyanyuliwa nusu milimita tu kuzunguka kioo, ni plastiki kiasi gani hiyo inayoongezeka mpaka bei ishindikane? Na kama haiwezekani, andika “linazuia mikwaruzo” uache hapo. Ningelinunua vilevile! Ila ningelinunua nikijua nimenunua nini, na pengine simu ningeifunga kamba ya mkononi.

Na hii hoja ya “kava liko zima” imenikaa kooni. Kofia ya pikipiki ikibaki inang’aa huku kichwa ndani yake kimepasuka, hakuna atakayeisifia kofia. Kifaa cha kinga kinatakiwa kipokee pigo, kiumie chenyewe. Kava lisiloumia kabisa siku simu imeumia linaonyesha wazi kwamba pigo halikulifikia, lilikwenda moja kwa moja kwenye kioo. Ule uzima wake ndio ushahidi wangu mimi, na yeye anautumia kama utetezi.

Baada ya hapo akanyamaza. Alama ya kwamba amesoma ipo, jibu hakuna. Kilichokuja siku chache baadaye ni tangazo la rangi mpya za kava lilelile.

Sasa niseme nini kwa anayetaka kulinunua? Nilipokaa kuandika nilikuwa nimepanga nyota tatu, kwa sababu ya ule wembamba na namna linavyokaa mkononi. Nikifika kwenye yale majumbe nashuka mpaka moja. Halafu nalishika, maana bado limevaa simu, nakumbuka kwamba mgongo wa simu yangu ni wa kioo pia na hauna mstari hata mmoja baada ya kulala kwenye meza za kila aina. Hilo si dogo. Chembe za mchanga zina madini yanayokwaruza kioo cha simu bila shida, ndiyo maana simu isiyo na kava inaharibika mgongo hata kama haijawahi kuanguka. Kwa hilo kava limefanya kazi, na limebana vizuri kiasi kwamba vumbi linaloingia ndani ni kidogo. Hata hivyo livue mara moja moja uifute simu, maana kidogo hicho kikiingia hakitoki, kinasaga.

Kwa hiyo kama simu yako muda mwingi inakaa mezani, hubandiki kioo cha kinga, na unachoogopa ni mikwaruzo, nunua, utalifurahia. Kama una watoto wadogo, unapanda na kushuka magari, kazi yako ya kusimama na sakafu ni ngumu, usilinunue. Hata likiwa la bure. Nimesema nisilichukie lote, lakini nikikumbuka anaandika “hilo ni tangazo tu” natamani niseme usilinunue hata wewe wa mezani, kwa sababu pesa inakwenda kwa yuleyule.

Mwenzangu kazini nilimpigia simu usiku uleule niliopima langu. Alilipima kwa karatasi. La kwake, la simu ya aina nyingine, lilipitisha tabaka mbili. Jina moja la kava, tangazo moja, ukingo tofauti kulingana na simu. Kwa hiyo ukisoma sifa za mtu aliyeokolewa nalo, usimwite mwongo, ila angalia kwanza kama simu yake ni kama yako.

Nimeacha nyota mbili. Moja ni ya mgongo usio na mkwaruzo, nyingine ni ya aliyetengeneza vile vitufe, ambaye naamini hakuliandika lile tangazo. Muuzaji sina nyota yake. Akilibadilisha lile neno “kuanguka” nitarudi niandike kwamba amelibadilisha.