Mfuko maalumu au mgao wa matangazo: upi unamlipa mtengeneza video kwa haki?

TikTok ilipoanzisha mfuko wa kuwalipa watengeneza video nchini Marekani mwaka 2020, iliahidi kutenga dola milioni 200. Tatizo la mfuko ni kwamba ni chungu kimoja: walaji wakiongezeka, tonge la kila mmoja hupungua, hata kama watazamaji wake ni walewale na kampuni inazidi kuuza matangazo. Mgao wa matangazo hufuata mapato yenyewe. YouTube humwachia mwenye video ndefu asilimia 55 ya mapato ya matangazo yanayoonyeshwa kwenye video yake, na tangu Februari 2023 video fupi zina mgao wa asilimia 45.

Kwa anayetunga kila kitu mwenyewe, naona mgao una haki zaidi bila ubishi. Anayechanganya kazi za wengine ndiye mwenye mtihani. Katika mfumo wa YouTube uitwao Content ID, unaotambua sauti na picha zilizosajiliwa, mwenye haki akidai anaweza kuchukua mapato ya video nzima, ilhali aliyeiunganisha alikesha akikata vipande, akivipanga na kuweka maelezo kwa sauti yake. Video fupi zina utaratibu wa kiungwana zaidi: ukitumia wimbo mmoja, nusu ya mapato yanayohusishwa na video hiyo hutengwa kulipia muziki, na nusu nyingine huingia kwenye kapu la watengeneza video kabla ya mgao. Utaratibu wa namna hiyo ungepaswa kuenea kwenye video ndefu zote pia.