Nimemshonea papeti wa zamani joho la mamajusi, nawaonyesha kilichofanya kazi na kilichokataa

Sasa watu wangu, karibuni tena. Huyu hapa mezani ni kikaragosi cha nyuzi, papeti wa Pelham kutoka Uingereza, nilimpata Gikomba kwa lundo la toi za mtumba, shilingi 700 baada ya kubishana na yule mama mpaka tukacheka wote. Pelham Puppets walianza 1947 mji unaitwa Marlborough na wakafunga 1993, kwa hivyo hata ukipata wa mwisho mwisho bado ni mkubwa kwa umri kuliko watoto watakaokaa kumtazama. Kimo ni kama sentimita 30, ameundwa kwa mbao, wangu alikuja bila boksi, nguo imetobolewa na nondo na nyuzi za magoti zimesokotana kabisa.

Nataka awe mamajusi kwa onyesho la Krismasi la watoto wa sande skuli, na mamajusi lazima avae joho, si ndio?

Joho la kwanza nilishona na mahameli nzito ya zambarau, lesi ya dhahabu pindo lote, bitana ndani, yani likiwa limelala hapa lilikuwa linapendeza sana. Nikamuinua, nikavuta uzi wa mkono, mkono ukafika kiunoni ukakwama hapo. Papeti hana misuli jamani, uzi ndio unapandisha mkono na uzito wa mkono wenyewe ndio unaushusha, ukimwekea kitambaa kigumu kwa kiwiko umeshamfunga. Niliumia kwa sababu ilikuwa kazi ya jioni tatu, lakini nikafumua yote.

Hili alilovaa sasa ni kitambaa chepesi cha bitana, nimenunua Biashara Street, mikono nimeikata mshazari ndio ianguke na kujikunja yenyewe, na ile mahameli nimebakisha utepe tu kwa shingo na pindo la mbele. Sogeeni muone hapa kwa goti. Unaona hiki kitundu? Uzi wa goti unapita hapa, nimekizungushia mshono kama tundu la kifungo ndio kitambaa kisifumuke, na mbele nimeacha mpasuo goti lipate njia. Mabegani pia mshono una nafasi ya uzi kupita. Mgongoni ni wazi mpaka chini, nafunga na presi batani tatu, kwa hivyo namvua na kumvalisha bila kukata hata uzi mmoja. Hiyo kwangu ndio sehemu bora ya nguo yote.

Nyuzi nazo, kabla hujagusa piga picha kila fundo, halafu badilisha moja moja, ukitoa zote pamoja utapoteza urefu na atatembea akipinda upande. Usiweke ule uzi wa nailoni wa kuvulia samaki, unameta ukipigwa na taa na ukishajikunja haunyooki. Mimi nimetumia uzi mweusi imara nikaupaka nta ya mshumaa.

Na tafadhali msitumie gundi. Ile nguo yake ya zamani hata na matundu yake nimeikunja nikaiweka kwa bahasha, maana wanaokusanya hawa papeti wanataka nguo ya asili, na siku moja mtu anaweza kutaka kumrudisha vile alikuwa. Uso nimefuta tu na kitambaa chenye unyevu kidogo, msasa hapana, rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi na hutaki hilo vumbi karibu na watoto.

Kama unaenda kutafuta wako, angalia kichwa hakina ufa na kile kimbao cha kushikia nyuzi kiko kizima, nguo isikusumbue, hiyo utashona.

Haya, ngoja nimuinue. Goti la kushoto... la kulia... mkono huo unapanda, umepita kifua, umefika kwa kilemba! Sasa anainama kuweka ubani chini, tazameni joho linavyomfuata.