Annie Haslam na Sonja Kristina: sauti mbili za roki ya progresivu

Annie Haslam, aliyejiunga na Renaissance, kundi la Uingereza la roki ya progresivu (roki ya nyimbo ndefu zenye mpangilio tata) mwaka 1971 baada ya kufundishwa na mwimbaji wa opera, ana sauti angavu inayopanda juu kabisa bila kukwaruza, nayo hukaa vyema juu ya piano ya John Tout, hasa katika "Ashes Are Burning" ya 1973, wimbo unaozidi dakika 11.

Sonja Kristina wa Curved Air, kundi jingine la Uingereza la mtindo huo, aliyepitia jukwaa la tamthilia ya muziki jijini London, huimba kama mwigizaji: hunong'ona, hubembeleza, kisha hukaripia. Wimbo wa kundi hilo, "Back Street Luv", ulifika nafasi ya 4 kwenye chati ya Uingereza mwaka 1971.

Kwa usafi wa sauti ningemchagua Haslam. Hata hivyo, nakiri, Kristina akijibizana na fidla ya Darryl Way, mwenzake wa Curved Air, ndiye ninayemrudia zaidi.