Egerton Castle ya Njoro: jumba ni moto, stori ya mapenzi isikupoteze

Kama uko Nakuru na hujawahi kufika Egerton Castle, panda mat za Njoro, mwambie makanga akushushe Ngata halafu uchukue boda, na hapo kwa boda elewaneni bei kabla hujapanda, mimi ile bei niliitishwa ungedhani naenda Nairobi.

Sasa jumba lenyewe. Vyumba 52 bana, na mwenyewe hana bibi hana mtoto. Maurice Egerton, lodi wa Uingereza, alianza kujenga 1938, vita vya Hitler vikamchelewesha, ikaja kuisha 1954, na 1958 jamaa akafa. Miaka kumi na sita ya kujenga, minne ya kukaa. Simama karibu na ukuta uangalie vile mawe yamechongwa yakashikana pale kwa kona, fundi wa siku hizi na simiti yake yote hakupi kazi kama hiyo. Ndani ni baridi hata jua likiwaka, beba sweta. Chenye kilinimaliza ni ukumbi wa dansi, dari liko juu huko halafu kuna ogani ya mabomba, ile ya kanisa kubwa, kwa nyumba ya mtu! Alikuwa anamchezea nani?

Wengi huja kusikia ile ya mchumba. Eti alimwonyesha nyumba ndogo, mrembo akasema hicho ni kibanda cha kuku, lodi akajenga hii, akakataliwa tena, ndio akapiga marufuku wanawake kukanyaga hapo. Kila anayesimulia anaongeza chumvi yake. Na leo wikendi maharusi wamejaa kwa bustani na mashela wakipigwa picha, hiyo ilinichekesha sana.

Lakini kwangu hiyo stori inafunika mambo mazito. Huyu mtu alikuwa rubani wakati ndege zenyewe zilikuwa mbao na kitambaa, 1910 alipata leseni namba 11 huko kwao. 1939 akaanzisha shule ya kilimo hapo Njoro, ya vijana wa kizungu tu, kwa ardhi iliyotengewa wazungu, na ndiyo ilikua ikawa Chuo Kikuu cha Egerton, chenye kinamiliki hili jumba sasa. Kwa hivyo mkishamaliza ya mchumba muulize anayewatembeza nani alichonga hayo mawe na nani aliyabeba, na walikuwa wanalala wapi wakati mtu mmoja anajengewa vyumba hamsini na mbili. Hapo ndio maongezi huwa matamu.

Ukitaka kuzunguka bila kusukumana nenda katikati ya wiki asubuhi. Ngazi ni nyingi, kwa hivyo vaa raba, na kama umekuja na shosho mtandikie leso nje chini ya miti, mwenyewe atakuambia amefurahi.